Shukriya binti Khalaf, Mwalimu Aliyewafunika Wanafunzi Wake

Kwa jina la Mola anayewajua waja wake kwa majina yao na kwa khofu zao.

Wazee wetu, mama zetu, walimu na wanafunzi mliojaa humu ndani mpaka uani, na nyinyi akina baba mnaosikiliza kwa kipaza sauti kule sablani, barazani kwa wanaume, asalaam alaykum. Leo ni siku ya tatu ya matanga ya dada yangu. Skuli yake imeomba isomwe khabari ya maisha yake, na imeichapisha katika karatasi mlizopewa mlipoingia. Kazi ya kusoma nimepewa mimi, Azza, mdogo wake. Nitajitahidi nisikatike.

Marehemu Shukriya binti Khalaf bin Marzouq alizaliwa Bumbwini, Unguja, tarehe 2 Juni 1947. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Khalaf bin Marzouq na Bi Turkiya binti Hamdun, ambaye tunaye hapa, amekaa mbele yangu. Baada yake nilizaliwa mimi, kisha ndugu yetu Abdullatif. Baba alikuwa na duka la vyakula na mikarafuu michache. Mama husema Shukriya alichelewa kutembea lakini aliwahi kuhesabu, na kwamba alikuwa akizihesabu karafuu uani huku akitambaa.

Alisoma chuoni, akakhitimu msahafu akiwa na miaka tisa. Alisoma skuli ya Bumbwini, kisha akaingia skuli ya wasichana mjini, akikaa kwa mama yetu mkubwa. Alipenda hesabu kuliko kitu chochote. Likizo akirudi shamba, mimi ndiye niliyekuwa darasa lake. Alinifundisha jedwali la kuzidisha huku ananisuka. Nikikosea, anaukaza msuko. Mpaka leo nikiulizwa saba mara nane, kichwa kinaniuma kwanza ndipo jibu lije.

Januari 1964 alikuwa nyumbani. Mama alikuwa mjini, amekwenda kumuuguza dada yake. Jumapili ya tarehe 12 tukapata khabari za fujo, na baba akasema tusitoke nje. Jumanne asubuhi akatoka yeye kutafuta gari la kutupeleka kwa mama. Hakurudi. Waliokuja ni watu wenye silaha. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu mlango wa jirani ulivunjwa kwa kishindo kimoja tu, kisha pakawa kimya. Marehemu alikuwa na miaka kumi na sita. Alitusukuma chini ya kitanda, mimi na Abdullatif, akaingia na yeye, akatulalia juu. Mlango wetu ukaingia ndani. Watu wale wakavunja sanduku, wakachukua walichokitaka, na mmoja wao akasimama karibu na kitanda hata nikaviona vidole vya miguu yake. Moyo wa dada yangu ulikuwa ukinipiga mgongoni. Abdullatif alikuwa mdogo, akaanza kulia, na marehemu akamziba mdomo kwa kifua chake, akawa anatunong'oneza maneno masikioni. Tulitoka jua likiwa juu kabisa. Baba hatukumwona tena, wala kaburi lake hatulijui.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa mtu wa khofu. Nalisema hili mbele yenu kwa kuwa nyote mlimjua, na haitokuwa kweli nikisema vingine. Akikaa, alikaa akiuelekea mlango. Mtu akigonga, yeye ndiye wa mwisho kwenda kufungua. Sufuria ikianguka jikoni, rangi ya uso humtoka. Lakini ni yeye huyu aliyetuvusha Dar es Salaam mwaka 1967 na mama mgonjwa, akafundisha watoto wa watu majumbani ili tule.

Tulifika Ibra, Omani, Septemba 1972, kwa jamaa wa baba ambao hatukuwa tumewaona hata kwa picha. Walitupokea vizuri. Tatizo lilikuwa ulimi. Kiarabu tulichokuwa nacho ni cha msahafu. Cha kununulia vitunguu hatukuwa nacho. Sokoni watu walicheka tukifungua mdomo. Marehemu alijifungia na redio, akawa anazifuata khabari neno kwa neno, na mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba 1973, aliajiriwa katika skuli ya wasichana kufundisha hesabu na Kiingereza. Wasichana walimwita Abla Shukriya, yaani mwalimu Shukriya. Walimrekebishia matamshi ya ha zake na ain zake, na yeye akawarekebishia hesabu zao, na kwa miaka kumi na tano hakuna upande uliouonea mwengine haya.

Tarehe 8 Novemba 1974 alifunga ndoa na Bwana Marhoun bin Nadhir, karani wa baladia, yaani manispaa, kijana wa watu wetu waliotoka Tabora. Kiswahili chao kilikuwa mbali kidogo; shemeji akisema shikamoo ya kibara, mama alikuwa akiuficha uso kwa kicheko. Walijaaliwa watoto wawili, Khalaf na Ghalia. Walipendana kwa namna ya watu wasiopenda kelele.

Mwaka 1979 shemeji alinunua televisheni, na hapo ndipo tulipomwona dada yetu mwengine. Ikifika saa ya mashindano ya maswali, hasa Ramadhani, alikuwa jikoni anakunja sambusa na sikio lake liko barazani. Mtangazaji hajamaliza swali, yeye keshajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu. Mshindani wa watu akikosea, alimgombeza kama yuko darasani: "We mwana, huo si mto Furati! Umesoma wapi?" Shemeji alikuwa akimwambia, "Nenda wewe basi ukashindane. Unaikosa chansi." Naye akijibu, "Mimi? Nikakae mbele ya watu wote wale? Allah aniepushe."

Hakuepushwa. Mwanzo wa mwaka 1984 televisheni ilitangaza mashindano baina ya skuli, na kila skuli ipeleke wasichana watatu na mwalimu wao. Sharti lilikuwa kwamba mwalimu anakaa meza moja na wanafunzi, na swali la mwisho ni lake. Ibra iliishinda skuli ya Sur. Duru hiyo alikwenda mwalimu wa Kiarabu, mgeni kutoka Jordan, na wote tulishangilia. Kisha mwalimu yule akapata msiba kwao akasafiri, na ilibaki wiki moja kabla ya kukutana na Nizwa, huko huko Nizwa, mbele ya kamera, moja kwa moja hewani.

Mudira, mkuu wa skuli, alimwita ofisini. Marehemu alirudi nyumbani akakaa bila ya kuvua baibui.

"Wamenichagua mimi," alimwambia mumewe.

"Vizuri! Si unayajua majibu yote?"

"Marhoun, wataniuliza kwa Kiarabu nchi nzima inasikia. Nitatetemeka. Watasema huyu Zinjibari ametoka wapi."

"Si wanakwita hivyo kila siku?"

"Wananiita sokoni. Hawajaniita kwenye televisheni."

Shemeji alicheka, lakini alipoona machozi akaacha. Akasema atawapeleka yeye mwenyewe kwa gari yake, na kama itamshinda, watarudi.

Basi Alkhamisi ya tarehe 8 Machi 1984 waliondoka Ibra baada ya Alfajiri: shemeji, marehemu na wasichana watatu, Wadha, Kaltham na Zuwena. Wadha ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na yumo humu leo. Yeye na shemeji ndio walionihadithia yale ambayo kamera hazikuyaonyesha. Mjini Sinaw walikwama kwa kuwa ni siku ya mnada, mbuzi na ngamia wamejaa njiani. Wasichana walicheka, wakanunua halwa. Marehemu hakula. Kutoka Sinaw mpaka Manah, karibu na Nizwa, alikuwa ameishika kamba ya mlango wa gari kama mtu anayeteremka kisimani.

Mlangoni mwa ukumbi walisimama askari wawili wenye bunduki, ulinzi wa kawaida kwa kuwa wakubwa wangekuwepo. Marehemu aliwaona, akasimama. Wadha alidhani amesahau kitu garini.

"Abla, tutachelewa."

"Nyinyi tangulieni."

"Hatuingii bila yako."

Akaingia, huku Kaltham kamshika mkono huu na Wadha ule. Ndani, watu wa televisheni walikuwa wameyaziba madirisha yote kwa mapazia mazito meusi ili mwangaza uwe wa taa zao tu. Ilikuwa baada ya Alasiri, jua kali nje, na mle ndani kama usiku. Wadha anasema mikono ya abla ilikuwa baridi, na kwamba macho yake yalikuwa yakiutafuta mlango, lakini mlango nao ulikuwa nyuma ya pazia.

Sisi Ibra tulikuwa mbele ya televisheni: mimi, mama, watoto wa dada na majirani, chumba hakina pa kutia mguu. Tukamwona. Majirani wakapiga vigelegele. Wasichana walijibu vizuri, Nizwa nao wakajibu vizuri, ikawa sare mpaka karibu na mwisho. Mama alikuwa akisema, "Mbona hapepesi macho huyu?"

Ndipo taa moja kubwa, iliyotundikwa juu ya meza ya Ibra, ilipopasuka.

Ilipiga kishindo kimoja. Taa nyingine zote zikazimika nayo. Sisi nyumbani tulisikia kishindo, na kioo cha televisheni kikawa cheusi, lakini sauti haikukatika, kwa sababu gari la matangazo lilikuwa nje na jenereta lake. Tulisikia viti vikianguka. Tulisikia watu wakiitana. Majirani walidhani televisheni imeharibika, mmoja akainuka kuipiga kofi. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya kiti, na nikajikuta niko chini, mkeka unanigusa shavu. Sikujua nimeshukaje. Niligeuka kumtazama mama, naye ananitazama mimi, maana yeye siku ile ya Bumbwini hakuwepo, na hakuwa akijua tulivyojificha.

Kisha mtu mmoja mle ukumbini akalivuta pazia, likaanguka lote, na jua la Alasiri likaingia moja kwa moja juu ya meza ya Ibra. Nchi nzima ikaona viti vinne vitupu. Kamera ikateremka. Chini ya meza walikuwepo wasichana watatu kifudifudi, na juu yao Abla Shukriya, kalitandaza baibui lake kawafunika, kiatu kimoja kimemtoka.

Halafu mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, kicheko cha watu walioshtuka na sasa wamejua hakuna kitu. Mtangazaji, kijana mwenye adabu, alitaka kulifanya jambo liwe jepesi. Akainama na kipaza sauti chake, akasema kwa Kiarabu, "Abla, hakuna vita. Ni taa tu."

Marehemu aliinua kichwa. Kiarabu chote kilikuwa kimemhama. Alisema kwa Kiswahili, hewani, "Nyamaza! Watakusikia."

Sidhani kama wengi walielewa. Humu ndani mwetu kila mtu alielewa.

Waliwainua. Wakampa maji, wakamtafutia kiatu. Mtangazaji aliuliza kama Ibra watajitoa, na Wadha akasema hapana. Mashindano yakaendelea kwa mwangaza wa jua. Likaja swali la mwalimu: mji gani ulikuwa makao ya makhalifa wa Bani Abbasi? Baghdad! Mpwa wangu Khalaf, miaka minane, alilijibu barazani. Marehemu alikuwa akilijua kama anavyolijua jina lake. Midomo yake ikafunguka na sauti haikutoka. Kengele ikalia. Nizwa wakashinda kwa swali hilo.

Njiani kurudi walipita Sinaw, soko limekwisha, hakuna hata mbuzi. Hapo Wadha akauliza kwa upole, "Abla, ulisikia nini?"

"Nilisikia mlango," alisema.

Shemeji alisimamisha gari kando. Karibu miaka kumi ya ndoa, na hilo alikuwa hajaambiwa. Alikaa na mikono juu ya usukani mpaka alipoweza kuendesha tena.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Watoto wa mtaani walikuwa wakipiga debe, pa!, kisha wanajitupa chini na kucheka. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia mama, "Mwanao ametuchekesha, Mungu amlipe." Marehemu aliacha kwenda skuli. Alimtuma mumewe amwambie mudira kuwa hatorudi. Alikaa chumba cha ndani, na kila gari ikipita anauliza ni ya nani.

Jumatano iliyofuata gari moja haikupita. Ilisimama mlangoni petu. Alikuwa Shekhe Hamed, baba yake Wadha. Tulimjua kwa ukali. Tulijua kwamba hakuipenda televisheni tangu mwanzo, na kwamba mwanawe kulazwa chini mbele ya wanaume wa nchi nzima si jambo dogo kwa mtu kama yeye. Mimi ndiye niliyetia kahawa. Marehemu alikaa karibu na mumewe, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Shekhe alikunywa kahawa yake, akakitikisa kikombe kuwa basi. Akasema, "Wadha ananiambia kwamba mle chini ulikuwa ukiwasemesha kwa lugha yenu. Maneno mamoja, mara kwa mara. Tangu siku ile anayasema, na hajui maana yake. Nimekuja kuuliza maana."

Akayatamka kwa shida, kama alivyofundishwa na mwanawe: "Msilie. Wanapita."

Shemeji alimfasiria.

"Nani wanapita?" aliuliza Shekhe.

Tulidhani marehemu hatojibu. Alijibu. Alimsimulia yote kwa kile Kiarabu chake cha redio, na alipokosa neno alilisema kwa Kiswahili na shemeji akalifasiri. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na hivyo ndivyo alivyoijua siku ile, baada ya miaka ishirini. Marehemu alikuwa akitetemeka tangu mwanzo wa maneno mpaka mwisho, lakini hakuacha katikati.

Shekhe Hamed aliinuka. Kisha akasema, "Nina mabinti wengine wawili, wako skuli ya kijijini. Nitawahamishia kwako. Wanaanza Jumamosi. Wasije wakakukosa."

Akaaga akaenda zake. Jumamosi marehemu alivaa, akatapika, akanawa uso, akaenda kufundisha. Watoto waliendelea na debe lao mpaka kiangazi, wakachoka.

Mwaka uliofuata mudira alimwomba tena. Marehemu akasema, "Naogopa." Mudira akasema anajua. Basi dada akasema atakwenda mapazia yakiwa wazi. Watu wa televisheni walilalamika kidogo, kisha wakakubali, na safari hiyo mashindano yalikuwa Sur. Alilijibu swali lake kwa sauti ndogo hata mtangazaji akamwomba arudie. Ibra walitoka wa pili kwa mara nyingine, na marehemu alirudi nyumbani akala sahani mbili za wali.

Maradhi ya figo yalimwanza mwishoni mwa 1987. Alifundisha mpaka mwaka jana mwezi wa Mei. Alitibiwa hapa Ibra, kisha Maskati, na madaktari walifanya waliloliweza. Wiki za mwisho zote nilikuwa naye.

Watu wengi walionijia siku hizi tatu wamenipoza kwa kusema kuwa bila shaka aliondoka kwa utulivu. Nawashukuru. Lakini mimi nilikuwepo. Asubuhi ya mwisho aliniuliza, "Azza, unafikiri inauma?"

Nikasema, "Sijui, dada."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Sijui."

"Naogopa sana."

"Hata mimi," nikamwambia.

Akasogea kitandani, akanipa nafasi. Nikapanda nikalala ubavuni pake, mimi mtu mzima mwenye watoto, na nesi alipoingia alitutazama akafunga mlango polepole. Alinisomea Ayatul Kursiyyu, mimi nikamsomea Yasin, na kila mmoja alimsikia mwenzake sauti inavyokatika. Alifariki hivyo, Jumatatu ya tarehe 6 Machi 1989, wakati wa dhuha, akiwa na miaka arubaini na mmoja. Alizikwa Ibra siku hiyo hiyo baada ya Alasiri.

Ameacha mama, Bi Turkiya. Mume, Bwana Marhoun bin Nadhir. Watoto wawili, Khalaf na Ghalia. Mimi mdogo wake, na ndugu yetu Abdullatif aliyekuja kutoka Sur. Na wasichana wa Ibra aliowafundisha, ambao sita miongoni mwao hivi sasa ni walimu. Wadha ameanza kufundisha mwaka huu, hesabu, katika darasa lile lile.

Ewe Mola, mja wako huyu aliogopa kila siku ya maisha yake, na kila siku alikwenda alikotakiwa. Sasa yuko kwako. Mpokee, umfunike kwa rehema zako, na umpe ile amani ambayo sisi hatukuweza kumpa. Amin.